Jicho Lililolegea Saa Tisa

Niliondoka nyumbani kwa sababu sikuweza tena kumaliza sahani ya ugali. Nilikuwa naanza vizuri, tonge la kwanza hadi la tano, kisha taya zinachoka kama nimeshinda natafuna miwa. Nikinywa maji yanatokea puani. Jicho la kushoto linashuka nusu, na nikitazama mlango naona milango miwili. Nikilala nikaamka, sina kitu. Jioni yote yanarudi.

Wakati huo nilikuwa na miezi kumi ya ujane. Mume wangu, Baba Deo, alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa kusini mwa Moshi, nami nilikuwa kibarua wa palizi huko huko. Alianguka kwa presha asubuhi moja, akafa kabla hatujamfikisha zahanati. Yeye ni mtu wa Rombo, mimi ni Mnyiramba wa Singida. Tulimpeleka kwao akazikwa kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo wao, kisha nikarudi kambini peke yangu. Deo, mtoto wetu mmoja, yuko kazini Mwanza.

Majirani walipoliona jicho langu walisema ni kilio. "Mama Deo, punguza kulia, utapofuka." Nilikuwa nawajibu, "Nitajitahidi." Naomba nilieleze jibu hilo mapema, maana bila hilo safari yangu haieleweki. Mimi sikuwa nalia. Tangu siku ya msiba sikuwa nimetoa chozi. Baba Deo hakuwa mtu mbaya kwangu, nilimpenda, na nyumba bila yeye ilinishinda kukaa. Nilikuwa naamka, nafagia, naenda kisimani, narudi, nafagia tena palepale. Lakini machozi hayakuja, na mjane asiyelia watu humtazama vibaya. Kwa hiyo jicho lilipolegea lilinisitiri. Nikawaacha waamini.

Bomang'ombe ndiko nilikokwenda kwanza, kwa sababu jirani mmoja alisema huko kuna mtu anapima macho vizuri. Nilifika saa tatu asubuhi. Alinikalisha kwenye stuli, akanionyesha herufi ukutani, kubwa mpaka ndogo. Nilizisoma zote. "Mama, una macho ya msichana," akasema, "labda yanachoka kusoma Biblia." Akanipa miwani ya kusomea. Jioni nilipoivaa nyumbani niliona ile milango miwili waziwazi zaidi.

Moshi nilifikia Njoro kwa wifi yangu Apolonia, dada wa Baba Deo. Ni fundi cherehani, ana kibanda mbele ya nyumba, na ana moyo mkubwa na maneno mengi. Aliponiona jioni ile natafuna alisema, "Wifi, unakula kama ng'ombe aliyechoshwa na jembe. Kesho tunakwenda hospitali."

Apolonia ana utaratibu wake wa kwenda hospitali, na nadhani ndio wa wengi wetu. Mgonjwa halali akiwa amechoka. Anapewa uji, analazwa mapema, hafanyi kazi yoyote. Asubuhi anaoga, anavaa gauni lililopigwa pasi, na saa kumi na moja anakuwa kwenye foleni ili daktari amwone wa kwanza, kabla daktari naye hajachoka. "Hatuendi kule kama kifurushi cha mitumba," alisema akinifunga kilemba.

Nilikwenda hivyo mara tatu, nikaonwa na madaktari watatu. Mara zote tatu daktari alimwona mwanamke aliyelala vizuri, macho wazi, sauti safi. Walinipima kila walichoweza: sukari, presha, damu, ukimwi, tezi ya shingo. Kila jibu lilikuwa zuri, na kila jibu zuri lilinirudisha nyuma. Mtu ambaye hajapitia hilo hawezi kuelewa unavyoweza kutamani karatasi moja tu iseme una kasoro. Wa tatu aliuliza kama kuna jambo nyumbani. Kabla sijafungua mdomo Apolonia akasema, "Amefiwa na mume, daktari. Analia huyu, analia, hatujui tumfanyeje." Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika vidonge vya kunituliza.

Nilivimeza siku nne. Siku ya nne mate yalinipalia nikiwa nimekaa tu, nikashindwa kukohoa. Nikaviacha, wala sikumwambia mtu.

Kati ya safari hizo nilikuwa siwezi kutulia. Nilikuwa nakwenda kambini, nalala siku mbili, narudi Njoro. Nilikwenda kwenye maombi. Nilikunywa dawa ya minyoo. Nilikunywa maji ya mizizi niliyopewa na mwanamke ambaye sikumuuliza hata jina. Kila aliyeniambia neno nilikwenda nalo mpaka lilipoishia.

Mwaka wa msiba ulipotimia tukapanda Rombo. Kwa ukoo wa Baba Deo inasomwa misa ya kumbukumbu nyumbani, mjane anavua nguo nyeusi, na yeye mwenyewe anatoa neno la shukrani mbele ya watu. Tuliondoka Moshi asubuhi kwa gari dogo la abiria, tukapita Himo, Marangu, Mwika na Mkuu, tukashuka kabla ya kufika Tarakea. Kuanzia hapo ni miguu, kupanda tu. Mlima wenyewe ulikuwa ndani ya wingu siku zote tulizokaa. Nilichokiona ni migomba, kahawa chini ya migomba, na wanawake wanaoshuka na mizigo ya majani ya ng'ombe, mizigo mikubwa hata hukuona uso wa mtu mpaka akusalimie. Kwenye mfereji wa maji nilisimama. Mikono ilikuwa mizito hata kapu nililiona kama limejazwa mawe.

"Unazeeka, wifi," Apolonia akasema, akalichukua.

Mama mkwe wangu alitupokea mlangoni pa jiko. Ni mwanamke mwembamba, mchapakazi, Kiswahili chake ni cha kukata kata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko kwenye miwa hakuna chakula?"

Alinipakulia machalari, ndizi zilizopikwa na nyama. Nilikula ndizi, nyama nikaitoa mdomoni kwa siri. Hakuna siri kwa mama mkwe. Kesho yake akanipikia mtori mwepesi, ndizi zilizopondwa zikawa uji, chakula anachopewa mwanamke aliyejifungua. Akaniwekea bakuli mbele ya wake wa ukoo mzima.

"Haya mzazi, kunywa," akasema. "Mtoto yuko wapi tumwone?"

Wanawake walicheka, nami nikacheka, na kicheko changu kilitoka kama cha mtu aliyebanwa pua. Lakini mtori ule niliumaliza, na ilikuwa siku ya kwanza kwa wiki nyingi kushiba.

Misa ilianza saa tano, na kwa hotuba za wazee ikafika saa tisa kabla sijaitwa. Nilisimama karibu na kaburi. Nilikuwa nimesimama, nimeimba, nimesalimia watu wote wale tangu asubuhi. Nilisema nawashukuru kwa kunisindikiza mwaka mzima. Nikataka kusema jinsi mume wangu alivyokuwa, kwamba alikuwa mtu wa kuniita jina langu la utotoni tukiwa wawili. Maneno yakaanza kuteleza. Sauti ikaingia puani, ikafifia, kisha ulimi ukakataa kabisa. Jicho likashuka.

Watu wakaanza kulia. Apolonia alilia mpaka akashikwa. Mama mkwe, ambaye sikuwahi kumwona analia, alijifunika khanga. Walidhani nimezidiwa na kilio. Mimi nilisimama pale macho makavu, nikainamisha kichwa, nikawaacha wanililie. Sijawahi kujiona mwongo kama siku ile, na sikuwa nimesema neno la uongo.

Jioni hiyo maji ya kunywa yalinipalia, na safari hii pumzi ilikatika kwa muda. Nilipoirudisha niliona nyuso za watu walionizunguka, na hapo ndipo niliogopa kweli. Niliona kwamba nitakufa siku moja kwa kikombe cha maji, na kwenye msiba wangu watasema ni huzuni.

"Kesho anakwenda kwa daktari," mama mkwe akasema.

Kituo cha afya kipo juu zaidi, mwendo wa saa moja kwa miguu. Apolonia aliniamsha gizani kama kawaida yake, nikaoga maji ya baridi ile ya mlimani, tukafika saa moja asubuhi, wa kwanza. Muuguzi akatuambia daktari amekwenda vijiji vya juu na timu ya chanjo ya watoto, anarudi mchana.

"Mchana wa saa ngapi?" Apolonia akauliza.

"Akimaliza watoto."

"Sasa sisi tumeoga bure?"

Muuguzi akasema maji hayaharibiki, tukae. Tukakaa kwenye benchi. Apolonia hawezi kukaa kimya, na akiongea anataka ujibiwe. Alinisimulia wateja wake wote wa Njoro, nani alipunguza gauni, nani aliongeza. Nilijibu. Tulikula mahindi ya kuchoma tuliyokuwa tumebeba kwenye kapu, nikatafuna nusu ya hindi, nikampa lililobaki. Saa sita nikaanza kushika kidevu kwa mkono ili mdomo usikae wazi. Saa nane nikaegemeza kichwa ukutani. Mimi na Apolonia wote tuliona tumepoteza siku, na kwamba daktari atanikuta nimeharibika, sitazamiki.

Saa tisa daktari akaja. Alikuwa mwanamke kijana, viatu vimejaa tope mpaka kwenye kisigino, amebeba begani lile sanduku la baridi la kuhifadhi chanjo. Alinisalimia shikamoo, akatuingiza ndani hivyo hivyo bila kunawa tope.

"Pole mama. Shida nini?"

Apolonia akaanza. "Daktari, huyu ni mke wa marehemu kaka yangu. Tangu afiwe ni kulia. Jana tumemaliza mwaka, ameshindwa hata kuongea kwa kilio. Hali, halali—"

"Ngoja kwanza," daktari akasema. Akanigeukia. "Mama, unalia sana?"

Kama nikisema ndiyo, nilijua nitakachopewa. Vidonge vile vya kutuliza, na kikombe cha maji cha kuvimezea. Kama nikisema hapana, dada yake Baba Deo alikuwa amekaa karibu nami, goti lake limegusa langu.

"Hapana," nikasema. "Sijalia. Tangu siku aliyokufa mpaka leo sijalia hata mara moja."

Goti la Apolonia likaondoka.

Daktari hakushangaa. Aliniuliza jicho linashuka saa ngapi, nikipumzika inakuwaje, nini kinachoka kwanza, taya au mikono. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Akaniambia nitazame juu darini nisishushe macho. Nilitazama, na kope la kushoto likashuka polepole mbele yake kama pazia lililokatika kamba. Akaniambia nihesabu kwa sauti mpaka hamsini. Ishirini zilitoka vizuri. Nilipofika thelathini sauti ilikuwa puani, thelathini na tano hakuna aliyenisikia. Apolonia alianza kucheka, akadhani natania, kisha akaacha.

Daktari akafungua lile sanduku la chanjo. Akatoa chupa bapa ya maji yaliyoganda, akaiviringisha kwenye kitambaa, akaniwekea juu ya jicho lililofumba. Aliishikilia dakika mbili, anatazama saa yake. Aliniondolea.

"Tazama mbele."

Nilikuwa natazama kalenda ya ukutani. Ilikuwa moja.

"Limefunguka," Apolonia akasema taratibu.

Daktari akakaa chini. "Mama, nitakuambia ukweli. Ugonjwa huu niliusoma chuoni, sijawahi kumwona mtu mwenye nao. Naweza kuwa nimekosea. Lakini nadhani kinga ya mwili wako imekosea adui. Amri inatoka kwenye neva ili msuli ufanye kazi, na kinga inaizuia isifike. Mwanzo wa siku inafika kidogo, ukitumia msuli inakwisha. Baridi huirudisha kwa muda. Huko mjini walikuona saa ngapi?"

"Alfajiri," nikamjibu. "Nimelala vizuri, nimeoga."

"Basi ulikuwa unauacha ugonjwa nyumbani."

Akaandika barua ya kwenda kwa bingwa wa neva Moshi, akaandika na jina la ugonjwa kwa herufi kubwa: miasthenia gravis. Nikamtajia vile vidonge vya kutuliza, akanionya nisiviguse tena, na pumzi ikikatika nikimbizwe hospitali bila kusubiri kukuche.

Njiani kushuka Apolonia alitangulia. Tulipofika kwenye mfereji mmoja akasimama, akanigeukia.

"Kwa hiyo hukumlilia kaka yangu."

"Sikumlilia."

"Na jana?"

"Jana sauti ilikatika tu, wifi. Nilitaka kumsemea, ikakatika."

Akakaa juu ya jiwe, akavua kiatu, akatoa kijiwe ambacho nadhani hakikuwamo. "Unajua mwaka mzima nilikuwa nakuonea wivu?" akasema. "Nasema huyu wa Singida analia hivi, na mimi niliyezaliwa naye tumbo moja nimerudi kwenye cherehani wiki ya pili. Nilikuwa naona aibu kukutazama." Akavaa kiatu. "Mwanamke mbaya wewe. Lete hilo kapu."

Tukashuka. Aliniambia nimsemee sasa, yale niliyotaka kusema kaburini, nikamwambia kwa vipande, napumzika katikati.

Moshi tulirudi baada ya siku mbili, na utaratibu wa Apolonia ukapinduliwa. Mchana wa kuamkia siku ya kliniki alinikataza kulala. "Leo huogi," akasema kulipokucha, "na hutapanda gari." Alinipa rundo la vitambaa nikunje, akaniimbisha, kisha tukatembea kwa miguu juani kutoka Njoro mpaka hospitali, yeye ananiuliza maswali kila hatua ili nisinyamaze. Tulimwomba muuguzi tuwe wa mwisho kwenye foleni. Alituangalia kama watu waliochanganyikiwa. Nilipoingia kwa bingwa jicho lilikuwa limefumba na kidevu nimekishika mkononi, na Apolonia akasema kwa fahari, "Mwone mwenyewe, daktari."

Bingwa alisoma barua ya mlimani, akanipima upya, akasema aliyeandika hajakosea, lakini damu iende Dar es Salaam kuthibitisha na nipigwe picha ya kifua kuangalia tezi iliyomo humo. Alinianzishia vidonge siku hiyo hiyo. Nusu saa baada ya kumeza cha kwanza niliketi kwenye ngazi za hospitali nikatafuna karanga, moja moja, nikasubiri taya zichoke. Hazikuchoka. Tumbo ndilo lililonisokota, na mate yalinijaa mdomoni, lakini niliendelea kutafuna.

Majibu ya damu yalichukua wiki kadhaa. Nilipoitwa nilikwenda peke yangu. Bingwa akasema ndiyo, ugonjwa ni huo. Ni nadra, hauambukizi, hauponi kabisa kwa vidonge hivi ila unaweza kudhibitiwa, na kila daktari atakayenipa dawa nyingine lazima nimwambie kwanza. Alikuwa anajaza faili. Akauliza dalili zilianza lini.

"Baada ya mazishi ya mume wangu," nikasema, kama nilivyozoea kusema.

Niliondoka, nikapanda gari la kurudi kambini. Mbele yangu walikaa mtu na mkewe, wametoka mashineni. Mwanaume akamwambia mkewe ana unga shavuni. Mke akafuta shavu silo. Mwanaume akamwonyesha jingine.

Hapo nikakumbuka. Ilikuwa msimu wa mavuno kabla ya kifo chake, jioni, tumekaa nje tunakula. Baba Deo aliacha kula, akanitazama. "Jicho lako la kushoto limeshalala," alisema, "wewe bado unakula." Nikamwambia ni uchovu wa palizi. Alilirudia neno hilo jioni nyingine, na nyingine, mpaka nikamwambia aache kunichunguza. Halafu akafa, watu wakaanza kusema ni kilio, nami nikasahau kwamba yeye aliona kabla.

Nilimwomba dereva anishushe. Tulikuwa tumeshatoka nje ya mji, nikarudi kwa miguu.

Katika safari hizi nimejifunza machache. Mwenye ugonjwa usioeleweka aende kuonwa saa ile ugonjwa wenyewe upo, hata kama hajaoga. Asimwachie ndugu amsemee, hata ndugu mwema. Na huruma ya watu, ikiwa si ya haki yako, itakufunika mpaka daktari asikuone. Sijajifunza kutulia. Kidonge kimoja kinafanya kazi kwa saa nne tu, nami nazihesabu.

Bingwa alikuwa anafunga chumba nilipofika. Nilimwambia nimekosea jibu, haikuanza baada ya mazishi, ilianza kabla. Akasema asante, ingawa haibadilishi dawa. Nikamwambia najua, lakini naomba iandikwe. Akafungua faili tena, amesimama.

"Nani aliona kwanza? Wewe mwenyewe?"

"Mume wangu."

Akaandika. Nikamwomba anisomee alichoandika. Akasoma: dalili ya kwanza, kope la kushoto kushuka jioni, ilionwa na mumewe.

Nikamwomba asome tena.